Waya wa katikati

Bibi yangu hajanyanyuka kitandani huu mwaka wa tatu. Kila asubuhi mama hubadilisha mashuka mawili, hufuta mpira wa kitanda kwa maji ya dawa, na khanga nne au tano za kumfunika huingia kwenye beseni. Kiangazi hilo si jambo. Uwani kwetu hapa Chake Chake jua likiwaka, shuka la saa tatu huanuliwa saa sita.

Masika yakiingia mambo hugeuka. Kamba huhamia barazani, kutoka barazani huingia ukumbini, mwisho jikoni, na nguo hunuka moshi na uvundo kwa pamoja. Mwezi wa Aprili mwaka jana ilinyesha siku tisa mfululizo. Mashuka yakaingia kawa, yale madoadoa meusi ambayo hata ukichemsha hayatoki. Mama akawa anayapiga pasi yakiwa mabichi ili yakauke, akimaliza moja mkono hauna nguvu ya la pili. Na bibi akalalia unyevunyevu, mgongoni pakaanza kuwa pekundu. Aliyewahi kuuguza mtu wa kitandani anajua wekundu ule unaelekea wapi.

Wapemba tunajua kukausha. Tumekulia kwenye majamvi ya karafuu, tumefundishwa tukiwa wadogo kwamba wingu likitanda upande wa bahari, unaacha hata chakula ukimbilie kuanua, maana karafuu ikinyeshewa kabla haijakauka inavunda na bei yake inaanguka. Lakini ujuzi wote huo unategemea jua, na jua lenyewe halikuwepo.

Dada yangu anaishi Marekani. Tulipomweleza, akasema anayo mashine ya kukaushia nguo aliyokuwa anataka kuitoa. Alikuwa amehama nyumba ya zamani kwenda nyumba mpya, na mashine yake ina plagi ya pini tatu ilhali soketi ya nyumba mpya ina matundu manne. Fundi wa huko alimwambia si tatizo, waya unabadilishwa na kuna kipande kinaondolewa nyuma ya mashine. Yeye akaona anunue mpya, ile ya zamani aiingize kwenye kontena pamoja na magodoro na vitu vya harusi ya mdogo wetu. Habari hii ya matundu matatu na manne alitupa kwa simu kama hadithi ya kuhama nyumba tu, nasi tukaipokea hivyohivyo. Kumbe ndimo ulimokuwa ufunguo wa jambo zima.

Kontena lilishushwa Malindi, Unguja, na mashine ikavushwa kuja bandari ya Mkoani, Pemba. Ilipofika nyumbani mvua ilikuwa ingali inanyesha.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, hodari wa kuunga taa na kutengeneza feni, alikuja jioni ileile. Simlaumu, na nitaeleza kwa nini. Plagi ya Kimarekani ilikuwa kubwa kama ngumi, haina pa kuingia. Waya wake ni bapa, wa kijivu, ndani nyaya tatu zilizolala sambamba, zote rangi moja. Hakuna nyekundu, hakuna nyeusi, hakuna kijani. Kijana akakata plagi, akatoa mita yake, akaweka ncha moja kwenye bati la mashine na nyingine akajaribu waya mmojammoja. Waya wa pembeni, kimya. Wa pembeni mwengine, kimya. Wa katikati, mita ikalia.

"Mwalimu, huu ndio wa ardhi," akaniambia. "Umeungana na mwili wa mashine."

Mimi nasomesha fizikia skuli ya sekondari. Nilisimama pale nimeshika tochi, nikasikia mita inalia, nikasema naam. Akafunga plagi yetu ya pini tatu, ya fyuzi ya ampea 13. Wa katikati akautia kwenye pini ndefu ya juu, ile ya ardhi, inayotakiwa kuupeleka udongoni umeme uliovuja; wawili wa pembeni akawatia kwenye moto, unaoleta umeme, na nyutro, unaourudisha. Kwa akili ya mtu aliyekulia kwenye mashine za hapa kwetu, alifanya sawasawa.

Mama akabonyeza kitufe. Mashine ikanguruma chini kwa chini, kama gari lililokwama mchangani, na pipa halikuzunguka. Mama akaweka mkono juu ya bati kusikiliza. Akapiga ukelele, mkono ukaruka, akarudi nyuma hadi ukutani. Alikuwa amevaa ndara, na aligusa kwa nyuma ya mkono. Ninayaandika haya mawili kwa makusudi, kwa sababu sakafu ya kibanda chetu cha kufulia ni saruji na ilikuwa imerowa. Angekuwa pekupeku na ameshika ukingo kwa kiganja, vidole vingejikunja na asingeweza kuachia.

Nilikimbilia soketi nikazima. Kumbe mdogo wangu alikuwa jikoni anafungua friji wakati uleule, naye akaja mbio anasema friji linatekenya.

Usiku ule sikulala. Nilikaa na karatasi nikichora, nikitaka kujua nilikubali nini pale nilipokubali.

Jawabu linaanzia Marekani. Kule nyumba huletewa umeme wa aina yake: nyaya mbili za moto na nyutro moja katikati yao. Kati ya moto mmoja na nyutro ni volti 120, kati ya moto na moto ni 240. Mashine ya kukaushia hutumia vyote viwili. Hita, inayokula umeme mwingi, hukaa kati ya nyaya mbili za moto. Mota inayozungusha pipa, taima na taa ya ndani hukaa kati ya moto mmoja na nyutro. Kwa hiyo plagi ya zamani ya pini tatu ni moto, moto na nyutro. Ya ardhi haimo kabisa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia shaba ilikuwa adimu, kanuni za umeme za Marekani zikaruhusu majiko ya umeme yasiwe na waya wake wa ardhi, mwili wa chombo ufungwe kwenye nyutro. Baadaye mashine za kukaushia nguo zikaingia kwenye ruhusa hiyohiyo. Vita vikaisha, ruhusa ikabaki. Hadi toleo la mwaka 1996 ndipo kanuni zile zikataka kila laini mpya ya mashine hizi iwe na nyaya nne: moto, moto, nyutro, na ardhi peke yake. Nyumba za zamani ziliachwa na soketi zao. Ndiyo maana dada alihama na mashine ya matatu akakuta ukuta wa manne.

Mita ya kijana wetu haikusema uongo. Waya wa katikati uliungana na mwili kweli. Lakini haukuwa wa ardhi. Ulikuwa njia ya kurudia ya mota, uliofungwa kwenye bati kwa kipande cha shaba. Tulipoupeleka kwenye pini ndefu, mota ikawa inapokea umeme kutoka waya wa moto na kuurudisha kupitia fimbo ya ardhi iliyochomekwa nyuma ya nyumba yetu.

Hesabu yake ni ya kidato cha tatu. Mota ile ikiwa haijaanza kuzunguka ina ukinzani mdogo sana, yaani inauzuia umeme kidogo tu, omu chache (omu ndicho kipimo cha ukinzani). Fimbo yetu, ilipopimwa baadaye, ilikuwa na omu 62. Viwili hivyo vimefuatana, mmoja nyuma ya mwengine, kwenye volti 230. Mwenye ukinzani mkubwa ndiye anayechukua volti nyingi. Yaani mota ilipata kidogo, ikanguruma bila kuzunguka, na zaidi ya volti 200 zikakaa kati ya fimbo na udongo. Kila kilichofungwa kwenye fimbo ile kikapanda pamoja nayo: mwili wa mashine, mwili wa friji, hata bati la pasi kama ingekuwa imechomekwa. Mkondo wenyewe ulikuwa kama ampea tatu na nusu. Fyuzi ya 13 haikuwa na sababu ya kukatika. Breka, swichi inayojikata umeme ukizidi, nayo haikuona kitu cha ajabu.

Kwa hiyo nasema simlaumu kijana. Alitumia kipimo sahihi kujibu swali lisilo lake. Swali lake lilikuwa waya upi unagusa bati. Swali lililotakiwa ni bati hili limefungwa kwenye nini, na kwa nini.

Siku ya tatu nilimfuata fundi mzee mmoja, aliyefanya kazi za umeme tangu Pemba yote ikitegemea majenereta ya dizeli pale Wesha, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kuwashwa mwaka 2010. Alikuja na mkoba wa ngozi uliochakaa. Kwanza aliuliza hali ya bibi, akaingia kumsalimia, akakaa naye kitambo. Kisha akasema tuone mashine, na hakugusa chochote mpaka alipokwenda mwenyewe kuzima meni swichi na kuweka ufunguo wa kabati mfukoni mwake.

Aliondoa kifuniko kidogo cha nyuma kwa bisibisi. Nyuma yake pana kibao chenye skrubu tatu mstari mmoja, za pembeni rangi ya dhahabu, ya katikati nyeupe. Kutoka ile ya katikati kinashuka kipande bapa cha shaba, kirefu kama kidole gumba, hadi skrubu ya nne iliyokaza kwenye bati. Fundi akakigonga kwa ncha ya bisibisi.

"Hiki ndicho kilichompiga mama yako."

Nikampigia dada kwa video. Akauliza watu wa kwake, akatuletea picha. Kipande kile ndicho mafundi wa huko huondoa mashine ya zamani inapofungiwa waya wa pini nne. Nyutro inabaki peke yake kwenye skrubu ya katikati, mwili unapata waya wa kijani unaokwenda ardhini. Kuna mashine nyingine hazina kipande, zina waya mfupi kutoka mwili hadi skrubu ya katikati, nao unahamishwa vilevile. Kazi ya dakika kumi, wanasema. Anayebadilisha waya akasahau kipande, amebakisha hatari yote mahala pake.

Kwetu ilikuwa zaidi ya dakika kumi. Umeme wetu ni moto mmoja na nyutro, volti 230, hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde; wa Marekani ni hezi 60. Hita ya Marekani itaridhika nao, tofauti ya 240 na 230 ni ndogo. Mota ya 120 ikipewa 230 kamili itaungua kwa dakika chache. Fundi akapendekeza transfoma, kifaa cha kubadilisha volti, itakayowekwa kati ya moto na nyutro yetu, yenye tawi la kutolea volti za mota. Mimi nikasema tawi liwe volti 100, siyo 120, naye akaniangalia. Mota iliyotengenezwa kwa volti 120 na hezi 60 ina volti mbili kwa kila hezi. Ukiipa hezi 50, ipe 100, ibaki na mbili zilezile. Ukizidisha, chuma chake kinashiba sumaku na mota inapata joto bure. Akafikiri kidogo, akasema mota za maji alizosuka zamani zilimfunza hivyohivyo ingawa hakujua jina lake. Akaisuka transfoma mwenyewe kwenye karakana yake, siku nne.

Hapa ndipo nataka anayesoma atulie nami. Tawi lile la volti 100 sasa ndilo nyutro ya mashine. Lakini ukipima kutoka kwenye tawi hadi ardhini, si sifuri tena. Ni volti 130. Kama kipande cha shaba kingebaki, mwili wote wa mashine, mlango, vitufe, bati la juu analowekea mama beseni, ungekaa kwenye volti 130 saa zote, bila hitilafu yoyote, mashine ikifanya kazi vizuri kabisa. Marekani, kipande kile huua siku nyutro inapokatika. Kwetu kingeua siku ya kwanza.

Fundi akakifungua. Akakwangua rangi ya bati kwa sandpepa mpaka chuma kikang'aa, akafunga hapo waya wa kijani na manjano kwa nati na washa ya meno. Kisha mita. Kati ya mwili na skrubu ya katikati: kimya. Kati ya mwili na waya wa kijani: mlio. Akanipa mita nirudie mwenyewe. Nikarudia mara mbili.

Suala la rangi lilitaka kutukwaza pia. Ndani ya mashine ya Marekani waya mweusi ni wa moto na mweupe ni nyutro. Fundi wetu alijifunzia kazi kwenye rangi za Kiingereza za zamani, ambako mwekundu ndio moto na mweusi ni nyutro. Nyumba nyingi za Chake zina nyaya hizo ukutani hadi leo, na zilizojengwa karibuni zina kahawia na bluu. Mtu akichoka jioni anaweza kukutana na mweusi wa pande mbili, mmoja unaua na mwengine hauui. Alifunga utepe kwenye kila ncha na kuandika kwa kalamu ya wino. Kazi yote ile sikumwona akiamini rangi hata mara moja.

Plagi ya ampea 13 tuliitupa. Ina mwisho wake, karibu wati 3,000, na hita ile kwa volti zetu inakula karibu wati 5,000, kama ampea 22. Ikavutwa laini mpya kutoka kwenye bodi, waya wa milimita sita za mraba, breka yake ya ampea 32, na ukutani swichi kubwa ya kukata moto na nyutro pamoja, kama ile ya jiko.

Halafu ardhi. Kwa wengi wetu pini ndefu ni pambo. Mara ngapi nimeona mtu ana plagi ya pini mbili, anachokoa tundu la juu kwa kalamu ili milango ya soketi ifunguke? Nimefanya mwenyewe, na wanafunzi wangu wanaishi hivyo mabwenini. Fundi alipima fimbo yetu kwa kipimo chake cha ardhi ndipo tukajua zile omu 62. Wengi hupima kwa balbu: wanaifunga kati ya moto na ardhi, ikiwaka wanasema ardhi nzuri. Balbu ya wati 100 ikiwaka ina ukinzani wa omu 529. Fimbo mbovu ya omu 100 haiizuii kuwaka, inapunguza mwanga tu.

Tuliongeza fimbo mbili za chuma kilichovikwa shaba. Udongo wa huku kwetu vilimani unapokea, zilizama kwa nyundo zote. Ndugu zetu wa upande wa Micheweni, kwenye maweni, wana shida kubwa zaidi. Jiwe halipitishi umeme kama udongo uliolowa. Baada ya kuunga, kipimo kikasoma 18. Nikafurahi, fundi hakufurahi. "Piga hesabu, mwalimu." Moto ukigusa bati, volti 230 kwa omu 18 ni ampea 13 hivi. Breka ya 32 itakaa inatazama. Ndiyo maana akaweka RCD, kifaa kinacholinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na kukata kama miliampea 30 zimepotelea ardhini. Kwa fimbo za omu 18, miliampea 30 ni nusu ya volti. Kwa nyumba kama zetu, ambazo kila moja ina fimbo yake uani, RCD ndiyo inayookoa, na fimbo inaipa njia ya kuona.

Bomba la hewa ya moto tulilitoa nje kupitia ukuta, la bati, inchi nne, na chujio la nyuzi za nguo husafishwa kila mzigo. Nyuzi zile hushika moto upesi kuliko makumbi.

Ikiwa una ndugu nje anayetaka kukutumia mashine hii, mwambie atume ya Uingereza au anunue Dubai, ya volti 230. Tulichofanya sisi kinawezekana, lakini kilitaka fundi anayejua kusuka na siku za kutosha, na mashine ya 230 ingeingia ukutani mchana mmoja. Sisi tuliifanya kwa sababu mashine ilikuwa imeshafika na bibi alikuwa amelala.

Jioni tuliyoiwasha, mama hakutaka kuigusa. Fundi akaweka kiganja chake chote juu ya bati, akakiacha hapo pipa likizunguka. Linazunguka pole kidogo kuliko kwao, kwa sababu ya hezi, na taima inayosema saa moja inachukua dakika 72. Shuka la kwanza mama alilitoa likiwa moto, akalikunja kifuani, akampelekea bibi. Bibi akalivuta puani.

"Hili halikuanikwa," akasema. "Halinuki jua."

Basi siku za jua mashuka yanakwenda kambani kama zamani, na mashine inangojea mvua. Kila mwezi unapoandama mama huingia kibandani amevaa ndara zake, anabonyeza kitufe cha kujaribia RCD, anasikia tak, swichi inaanguka. Anainyanyua tena, ndipo anafungua mlango wa pipa.